Shangazi Mkubwa na Mashine ya Kukereza

Shangazi Mkubwa alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minne. Mtu yeyote wa mtaa ule aliyewahi kuvaa sketi ya bluu yenye marinda, basi sketi hiyo ilipita mikononi mwake. Hakuolewa wala hakuzaa. Babu na bibi walipofariki yeye akiwa na miaka ishirini, alibaki na wadogo zake wawili, baba yangu na Shangazi Mdogo, akawalea na kuwasomesha kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alikuwa na maneno machache na ulimi mkali. Mteja akilalamika kwamba nguo inambana, alimwambia nguo haijapungua, aliyeongezeka ni yeye.

Shangazi Mdogo alisoma akafika mbali. Alifanya kazi katika maabara ya idara ya maji mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akashikwa na mapenzi ya mbao. Stoo ya nyuma aliigeuza karakana: mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao huku ukiichonga kwa patasi, imefungwa kwa boliti juu ya meza nzito, patasi sita zimetundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, taa yenye shingo ndefu, na dirisha moja dogo. Ukiingia, maranda yanakufika kwenye vifundo vya miguu. Alijifundisha mwenyewe kwa miaka mitatu, kwa kutazama video na kwa kuharibu mbao. Alitoa vinara vya mishumaa, mipini ya visu, na mara mojamoja bakuli lililosimama bila kuyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, na mlango aliufunga kwa ndani.

Mwaka juzi Shangazi Mkubwa alianza kukonda. Tulidhani ni umri. Daktari alipompima alisema ni saratani ya ini, imeshasambaa, na kilichobaki ni kutuliza maumivu. Shangazi Mdogo hakusubiri kikao cha ndugu. Alikwenda na teksi, akafungasha nguo za dada yake, akamleta kwake.

Wiki ya kwanza mgonjwa alilalamikia kelele. Alisema mashine ile inalia kama inadaiwa. Wiki ya pili akabisha hodi karakana, akaomba kiti. Alikaa asubuhi nzima akitazama, mikono mapajani, na mbao ilipokuwa inazunguka alikuwa anainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu. Wakati wa chakula cha mchana akasema anataka kujifunza.

Shangazi Mdogo alifikiri ni utani. Alimwuliza, kwa upole kadiri alivyoweza, atajifunza ya nini sasa.

"Maisha yangu yote sijatengeneza kitu kisicho na mwenyewe," dada yake akamjibu. "Kila nguo ilikuwa ya mtu. Nataka nitengeneze kitu, halafu nikiangalie tu."

Wakaanza. Alifundishwa kusimama pembeni kidogo, kuegemeza patasi kwenye chuma cha mbele kabla haijagusa mbao, kutobana pumzi. Siku ya kwanza patasi iling'ata, kipande kikachomoka na kugonga ukuta, na Shangazi Mdogo akakimbilia kuizima mashine. Shangazi Mkubwa alikiokota, akakigeuzageuza, akasema kumbe mbao nayo ina uelekeo kama kitambaa, ukiikata kinyume inachanika. Mdogo wake alihitaji mwaka mzima kulijua hilo.

Alikuwa anafanya kazi dakika ishirini, anapumzika saa nzima, anarudi. Hakuwa na nguvu, lakini mashine haikutaka nguvu, ilitaka mkono uliotulia, na mkono ule ulikuwa umetulia kwa miaka thelathini na minne. Wiki ya tano alitoa kikombe cha mbao chembamba mno, ukikiweka mbele ya taa mwanga unapenya ukingoni. Jumapili tulikipitisha mezani mkono kwa mkono. Baba akamtania Shangazi Mdogo kwamba mwanafunzi amempita mwalimu. Shangazi Mdogo akacheka pamoja nasi, kisha akainuka kwenda kuosha vyombo, ingawa nilikuwa nimeshavimaliza. Niliona, sikutia maanani.

Alhamisi iliyofuata Shangazi Mkubwa aliamka na nguvu ambazo hakuwa nazo muda mrefu. Alikula uji wote, akajifunga aproni mwenyewe, akaenda karakana. Mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha. Shangazi Mdogo alimjibu kutoka ndani, bila kufungua, kwamba lile vumbi si zuri kwa mgonjwa, akapumzike, watafanya kesho.

"Haya, Kitinda," dada yake alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Kesho."

Ijumaa hakuweza kuinuka. Aliishi siku kumi na tisa zaidi, na mikono haikutulia tena, hata kijiko alishikiwa. Karakana hakuitaja. Aliomba kitu kimoja tu, kikombe chake kiwekwe dirishani, mahali ambapo anaweza kukiona akiwa amelala. Kikawekwa. Siku ya mwisho uso wake ulikuwa umeelekea huko.

Miezi miwili baada ya mazishi nilikwenda kumsaidia Shangazi Mdogo kupanga nguo za marehemu. Tulikuwa tumekaa sakafuni katikati ya marobota, na hapo ndipo aliponisimulia habari za ile Alhamisi. Ndani ya karakana alikuwa anajaribu kukereza kikombe kama kile. Viwili vilikuwa vimeshapasuka, na hakutaka dada yake avione.

Nilimwambia alikuwa amechoka, kuuguza si mchezo.

"Usinipoze," akasema. "Sikuchoka. Nilimwonea wivu. Yeye alikanyaga cherehani miaka yote ili mimi nisome, na mimi nikamnyima stoo."

Nilichukua gauni jingine nikalikunja, na yeye akachukua jingine.

Mwaka huu jirani yake, mama mmoja aliyestaafu ukarani, aliuliza kama naye anaweza kufundishwa. Hajamaliza kuuliza, Shangazi Mdogo ameshazima jiko, wanaelekea karakana. Yule mama alikuja Jumamosi mbili. Ya tatu hakutokea. Shangazi alingoja mpaka saa tano, mlango wazi, kipande cha mbao kimeshafungwa kwenye mashine. Akanituma nikaangalie kama mwenzake anaumwa.

Nilimkuta anamwagilia maua. Alisema kwa kweli kazi ile imemchosha, mikono inamuuma, nimwombee radhi.

Nilirudi nikamweleza Shangazi kwamba jirani hajambo, ila kazi haikumvutia. Akasema sawa. Akaufunga mlango, akaenda kuanua nguo.