Subiri ya Pili

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pima Tena. Jina kajitakia mwenyewe. Mteja akishapimwa kiuno anasimamishwa apimwe tena, utadhani kanenepa papo hapo. Mimi nashona kwenye cherehani ya pili, mgongo unaniuma, nguo zinarundikana, na yeye anapima. Nimemsema mpaka nimechoka.

Mwaka huu binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alianza kuitika bila kuitwa. Tumekaa kimya, kila mtu na nguo yake, mara: "Abee, mama." Mama hajamwita. "Abee, mama mdogo." Nami sijamwita, nina uzi mdomoni. Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamfokea. Akalia, akasema anasikia jina lake waziwazi nyuma ya pazia wanakojaribia nguo wateja. Nyuma ya pazia hakukuwa na mtu.

Dada akampeleka kliniki. Daktari akasema vijana wengi husikia mambo kama hayo, na watu wazima pia, ila hawasemi. Mara nyingi hupita. Alale vya kutosha, asifokewe, aendelee kuonwa pale. Na ikianza kumtisha au kumwamrisha, arudishwe siku hiyohiyo.

Kwa vile ni Pima Tena, hakuishia hapo. Binti aligundua kwamba ile sauti huita mara moja tu, kisha hunyamaza. Basi dada akapitisha sheria: kila mtu ataitwa mara mbili, na hakuna kuitika kabla ya mara ya pili. Fikiria adha yake. Nikitaka mkasi naita, nasubiri, naita tena. Wateja wakatuona wajeuri. Lakini binti akatulia, akaanza kucheka tena, ikabidi nikiri kwamba sheria inafanya kazi, jambo lililoniudhi zaidi.

Kisha habari zikamfikia kaka yetu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, zikiwa zimetiwa chumvi. Alifiwa na mkewe mwaka jana, na tangu hapo anapanga maisha ya kila mtu isipokuwa yake. Akaja mchana na gari, ameshaamua: binti aache shule, akakae shamba kwa ndugu mpaka akili zimtulie, watu wasije wakatusema. Kwetu akisema kaka, kimesemwa. Begi la binti likafungwa, likawekwa mlangoni.

Akaketi, akamwita binti kwa jina. Binti kimya, anakunja kitambaa.

"Mnaona? Sasa hata masikio yameharibika."

"Mwite tena," nikamwambia. Nilitamani kumrushia pasi.

"Nimwite mara ngapi, mtoto mdogo kama huyu?" Akamwita tena, kwa ukali.

"Abee, mjomba." Binti akaja, akasimama mbele yake kwa adabu.

Dada akatoa pini midomoni. "Kaka, mtoto analala, anasoma, daktari anamwona. Unamwondoa kwa lipi?"

"Kwa hilohilo la kuitikaitika. Mtu mwenye akili zake hawezi kumwitikia mtu ambaye..."

Hakumaliza. Aligeuka upande wa pazia.

"Naam, mke wangu, naja," akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia tangu msibani. Tayari alikuwa ameinuka kwenye kiti.

Hakuna aliyemwita. Nyuma ya pazia kulikuwa na kioo na sketi ya mteja. Kaka akabaki ameinama, mkono mmoja kwenye kiti, hajui asimame au akae, na hakuthubutu kututazama. Hasira zangu zote zikaisha. Nilimwonea huruma.

Binti akamshika mkono.

"Subiri ya pili, mjomba," akamwambia. "Mimi husubiri ya pili."

Tukasubiri naye, sote, cherehani zimenyamaza. Haikuja. Kaka akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. Baadaye aliondoka bila kuaga vizuri, ila kabla ya kutoka alilichukua lile begi pale mlangoni, akalirudisha ndani mwenyewe.