Usingizi Niliouomba

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mwisho hutacheka. Haya sikusimuliwa, yalinipata mimi mwenyewe huku Ngara.

Tangu utoto mimi ni mtu wa usiku. Mchana kichwa kizito, giza likiingia macho yanafunguka. Zamani hilo halikumsumbua mtu, kila mmoja alilima kwake. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ngoma ikawa inalia alfajiri, wote shamba la pamoja. Mimi nasinzia na jembe mkononi! Wakaniita mvivu, kisha wakaanza kunong'ona: asiyelala usiku anakwenda wapi? Mke wangu Yustina akaniambia, "Baba Deo, wakikufukuza kwa uchawi, mimi na mtoto tutakwenda wapi?"

Usiku mmoja wa mbalamwezi nilikwenda kukata ndizi kwenye mahame yetu, kule tulikokuwa tukiishi kabla ya kuhamishwa. Nikamkuta bibi kizee analima. Nilidhani ni mmoja wa waliokataa kuhama. Kwetu humpiti mtu anayelima bila kumsaidia walau tuta moja. Nikamwamkia, nikapokea jembe, nikalima.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tangu mhame hakuna anayenisaidia. Nikupe nini?"

Kwa uchungu niliokuwa nao nikasema, "Nipe usingizi wa usiku, bibi, niwe kama wenzangu."

"Huo tu? Huku tunao mwingi."

Akaingia migombani. Niamini, kule ndani hapakuwa na nyumba, palikuwa na makaburi ya wazee wetu. Nikatazama chini: tuta langu limelimwa, alipolima yeye magugu yamesimama vilevile. Nilikimbia hata ndizi nikaziacha.

Tangu usiku ule nikawa nalala fofofo. Asubuhi nafika shambani wa kwanza. Kijiji kikanisifu, Yustina akacheka tena.

Vikaja vita vya Amini, vijana wengi wakaondoka. Usiku mmoja Deo akashikwa na homa kali. Yustina aliniita, akanitikisa, akanimwagia maji. Wapi! Akambeba peke yake gizani kuelekea hospitali ya Rulenge. Mimi niliamka ngoma ilipolia, nikakuta kitanda cha mtoto kitupu. Mchana nikamwona mke wangu anarudi, mtoto bado mgongoni, amefunikwa uso.

"Ungekuwa yule wa zamani," aliniambia, "ungekuwa macho."

Akarudi kwao. Sikumlaumu. Mpaka leo jua likizama naanguka kama mfu, na hakuna wa kuniita.

Wewe unayekesha, watu wa mchana wakikucheka, waache wacheke. Usiombe kulala. Kaa macho, umsikilize mtoto wako anavyopumua.