Mguu Wangu na Karatasi za Hospitali

Lori la chumvi lilipinduka nikiwa juu ya magunia. Nilikuwa natoka Kabatoro kuuza maharagwe ya shamba letu la Maliba, mlimani, na dereva aliendesha mbio ili aiwahi treni ya mizigo Kasese. Mguu wangu wa kulia ulivunjika chini ya goti.

Katika hospitali ya misheni, kabla hawajaunyoosha mfupa, karani aliniletea karatasi na wino. Nikaweka dole gumba. Sikuuliza imeandikwa nini. Kwa maumivu yale ningeweka dole popote.

Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Bwera, mtu mpole, aliyekuja kunitazama na sukari na sabuni. Mwezi wa tatu tangu ajali alikuja na karatasi yake.

“Mama, tumalize mambo,” alisema. “Weka kidole hapa, pesa yako iko tayari leo.”

Nilimwambia nitaweka nikishasomewa. Akasema ni maneno machache tu.

“Basi haitachukua muda kuisoma,” nikamjibu.

Shemeji yangu, mwalimu wa kanisa, alinisomea jioni ile. Iliandikwa kwamba nikikubali, sitadai tena chochote kwa ajili ya mguu huo maisha yangu yote. Kisha akaenda kwa karani, akaomba aione ile karatasi ya kwanza. Ilisema kwamba fidia yoyote nitakayolipwa, hospitali itachukua kwanza deni lake la matibabu. Akapiga hesabu, akaniambia kwamba pesa ya yule tajiri ingeishia yote hospitalini, nami ningetoka na magongo tu.

Nililia kwa hasira, nikijikasirikia mwenyewe. Asubuhi nilijikokota hadi kwa daktari, nikamwomba aichane ile karatasi. Alikataa; alisema dawa zangu zilinunuliwa kwa pesa, na wagonjwa wengine wanangoja zao. Lakini aliniandikia hesabu ya matibabu, na barua ya kueleza kwamba goti halitakunjika tena vizuri. Nikaona hilo linanitosha kuanzia kesi.

Mume wangu aliogopa korti. Alisema tajiri hashindwi na mtu wa mlimani. Nilikwenda na shemeji.

Mbele ya hakimu, mwenye lori alisema nilipanda juu ya magunia kwa kupenda kwangu.

“Nililipa nauli,” nikasema, “na dereva ndiye aliyenionyesha pa kukaa.”

Dereva aliitwa. Alimtazama tajiri wake, halafu akasema ni kweli. Najua ilimgharimu kazi, maana sikumwona tena kwenye lori lile.

Nikaomba jambo moja: gharama za hospitali zihesabiwe peke yake, na mguu wangu upewe hesabu yake. Hakimu alisoma barua ya daktari mara mbili, akaniambia nitembee mbele yake. Nikatembea. Akaamua mwenye lori alipe vyote viwili, na cha hospitali kipelekwe hukohuko hospitalini.

Alilipa kwa awamu tatu, bila kuchelewa, na hakuniwekea kinyongo. Mimi sikuweza tena kupanda miteremko ya Maliba na mzigo kichwani, kwa hiyo nilikodi kibanda Bwera, nikauza maharagwe na samaki wakavu nikiwa nimekaa. Mume wangu alisema hawezi kuacha shamba. Nikamwambia abaki nalo. Msimu wa mavuno ulipopita, alishuka na godoro na kuku wetu.