Kaswida ya Shangazi

Juzi pale Maili Moja binti mmoja aliniwekea wimbo wa Krismasi aliourekodi mwenyewe kwa simu. Kabla haujaisha nilishamwomba anitumie, nami nikawatumia watu wangu wote. Akacheka: haraka ya nini?

Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu wa Vihingo, kule Kisarawe, alirekodi kaswida ya Idd kwenye simu ya mama tulipokwenda kumtembelea. Ilikuwa sauti yake na wenzake watatu, dufu moja, na jogoo anayewika katikati. Tukarudi nayo Kibaha. Mchana wa sikukuu, nyumba ikinukia pilau na udi, jirani yetu Mama Neema aliisikia akasimama mlangoni.

"Jamani, nani hao? Hebu nirushie, nikawasikilizishe wenzangu wa kwaya."

Simu ile niliijua kuliko mama mwenyewe. Lakini niliamini wimbo ni kama andazi, ukimpa mtu, wewe unabaki mikono mitupu. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba simu imegoma. Wapangaji wenzetu nao walikuja kuiomba, nikawajibu vivyo hivyo.

Alasiri shangazi akafika, vumbi la Kisarawe bado miguuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya niambie, huku mjini wangapi wanayo kaswida yetu?"

"Hakuna hata mmoja," nikasema kwa fahari. "Nimekutunzia yote."

Alinitazama kidogo, kisha akavua kandambili taratibu, akakaa mkekani.

"Basi ilete," akasema. "Tuisikilize wenyewe."