Bata Aliyeinuliwa na Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Midia, kijiji chetu cha mpakani, bata bukini dume wa Bibi nilimwogopa kuliko simba. Simba sikuwahi kumwona. Yule dume nilimwona kila asubuhi, shingo ameilaza chini kama nyoka, anakuja mbio na sauti yake ile ya mlango mbovu. Mama alikuwa akisema huyo ni askari wetu wa bure. Mtu hakuweza kukata njia nyuma ya jiko letu bila kijiji kizima kujua.

Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi mzaa baba, Mama, na mimi, Keji. Baba alifariki kabla sijamjua vizuri. Wale bata, dume na jike, Bibi aliletewa na Mama Furaha, Mkongo wa Ingbokolo aliyekuwa akiuza mawese na vitenge kwenye soko letu. Aliwavusha mpakani wakiwa ndani ya kikapu juu ya baiskeli, akabadilishana na Bibi kwa karanga. Kiswahili changu nilianza kukiokota kwake. Bibi hakukijua sana, yeye alisema Kikakwa, na maneno yake hapa nayageuza mimi mwenyewe kadiri ya elimu yangu, maana niliishia darasa la sita.

Jike alipoanza kuatamia, nyumba yote ilibadilika. Tulitembea polepole. Bibi alichomeka msumari wenye kutu katikati ya majani ya kiota ili radi isiue vifaranga ndani ya maganda. Aliyetoka mazikoni alioga kwanza ndipo akapita karibu. Lakini katazo kubwa lilikuwa moja. Bata anayeatamia hainuliwi kwa mikono.

"Mwache ashuke mwenyewe," Bibi aliniambia, tena si mara moja. "Ukimwinua kabla hajaangua, na wewe utainuliwa kwenye nyumba yako. Hutalala humo tena."

Bibi alikuwa Mkristo aliyebatizwa, akiongoza sala ya akina mama kila Jumatano. Aliunganishaje yale mawili sijui. Sikumwuliza, na leo nasikitika kwamba sikumwuliza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa kufuata utaratibu wa bata. Kila asubuhi jike alifunika mayai kwa manyoya aliyojing'oa kifuani, akashuka, akala pumba, akaoga kwenye karai, akarudi. Katika nafasi hiyo fupi Bibi aliyageuza mayai, na juma la mwisho aliyanyunyizia maji kwa vidole ili maganda yasikauke. Kila siku iliyopita aliiandika kwa mkaa ukutani, mstari mmoja. Zikibaki siku chache aliyaweka mayai kwenye maji vuguvugu. Yai lenye kifaranga hai huchezacheza lenyewe juu ya maji. Lililokufa hutulia.

Mwaka ule, mwaka wa vita vya sabini na tisa, aliniahidi kwamba nitayaona yakicheza. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuweza kungoja.

Ilikuwa Jumatano, Bibi yuko kwenye sala, Mama yuko kwenye shamba la muhogo. Naandika kweli mbele ya Mungu: hakuna aliyenituma. Nilimvuta dume kwa maganda ya viazi mpaka ndani ya jiko, nikamfungia. Nikaingia kwenye kibanda cha jike, nikamtupia gunia, nikamwinua. Alikuwa mzito, na joto lake lilipenya gunia likafika tumboni kwangu. Nilimtoa nje, nikafunga.

Mayai yalikuwa saba. Nilichota maji kwenye sufuria lililokuwa kwenye mafiga ya uani, nikayapoza kidogo, nikaonja kwa vidole. Vidole vyangu vilizoea kuosha masufuria na majivu ya moto, vikaniambia ni vuguvugu. Nikaingiza mayai sita. La saba lilibaki kiotani kwa sababu dume alikuwa anaupiga mlango wa jiko kwa mabawa, na hofu ilikwisha nishika.

Yale sita yalielea. Nikangoja. Hakuna lililocheza.

Niliyarudisha, nikafunika kwa manyoya, nikamfungulia jike, kisha dume. Jike hakurudi ndani hadi jua lilipopita nyuma ya jiko. Bibi aliporudi aliuliza, "Bata wangu hajambo?" Nikasema hajambo.

Siku ya tatu tulianza kusikia mizinga kwa mbali, upande wa mji wa Arua. Malori ya askari walioshindwa yakapita barabara kuu kuelekea mpakani, yamejaa magodoro na mbuzi. Majirani wakafunga mizigo. Mwenye baiskeli alipakia, asiye nayo alijitwisha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliacha hata chungu juu ya mafiga.

Mama Furaha alikuja na vitenge vyake vyote amevivaa, kimoja juu ya kingine, amekuwa mnene kama gunia la pamba.

"Koko," alimwambia Bibi, ndivyo alivyozoea kumwita, yaani bibi kwa lugha ya kwao, "mimi naenda kwetu. Tuende wote. Nyumba iko, chakula iko."

"Nenda, mwanangu. Sisi tutakuja. Bata wangu bado siku nne."

"Siku ine! Koko, vita hainaga kungojea bata. Mutu anakimbia na mutoto yake, wewe unabaki na mayai?"

"Nikimwinua sasa, hatutarudi kulala hapa. Wewe una kwenu. Mimi kwetu ni hapa."

Mama Furaha alimtazama Mama, Mama akatazama chini. Mke wa marehemu hamwachi mama mkwe wake peke yake akakimbia. "Nitalala kwa dada yangu hapa karibu siku mbili," Mama Furaha akasema. "Jumapili napita. Ukikataa tena, Koko, mimi nitabeba wewe kama furushi."

Alipoondoka Mama Furaha, Mama alilia jikoni, akisingizia moshi.

Sasa msomaji anaona nilivyokuwa. Bibi anakaa akingoja mayai, Mama anakaa akimngoja Bibi, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba bata amekwisha inuliwa, na kwamba mayai yale huenda yamekufa. Neno langu moja lingetuondoa pale siku ileile. Sikulisema. Niliogopa fimbo, niliogopa uso wa Bibi, na zaidi niliogopa kusikia kwa masikio yangu kwamba nyumba itapotea kwa sababu yangu. Nilikaa kimya siku mbili. Mama aliniuliza mbona sili, nikasema tumbo.

Jumapili asubuhi hapakuwa na kengele. Katekista alikwisha vuka mpaka. Tulikuwa tunasali wenyewe uani dume alipopiga kelele, na askari watatu wakatokea kwenye mihindi. Mmoja alikuwa anachechemea, mguu umefungwa shati.

Dume hakujua bunduki ni nini. Aliwakimbilia kama alivyokuwa akinikimbilia mimi. Askari wa mbele alimpiga kwa kitako cha bunduki, mara moja tu, shingoni.

"Leo nyama iko!" alisema, akacheka. Halafu akasikia jike akilia ndani ya kibanda. "Na ingine iko huko."

Bibi alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono mitupu. Alitumia Kiswahili chake kile kidogo. "Huyu analalia mayai, mwanangu. Hapana kamata."

"Mama, toka."

"Hapana."

Askari aliinua bunduki, mdomo wake ukagusa kifua cha Bibi, pale kwenye msalaba wake wa mti. Mama alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeniingia, sikuhisi. Nilikuwa nafikiri, atakufa kwa ajili ya mayai niliyoyapika.

Ni yule wa kuchechemea aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Wacha mama muzee. Barabara iko mbali." Wakaondoka, dume ananing'inia, miguu yake ya rangi ya chungwa inagongagonga paja la askari.

Bibi akakaa chini palepale. Na mimi nikapiga magoti mbele yake, nikayatapika yote: gunia, sufuria, maji, yale sita.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Na la saba?"

"Sikuligusa."

"Lete maji ya moto, na ya baridi."

Aliyachanganya mwenyewe, akayapima kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga. Halafu akaingia kibandani, akampitishia jike mikono chini ya mabawa.

"Bibi, usimwinue!"

Alinigeukia. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona hivyo, hauna hasira wala huzuni. Ni uso wa mtu mwenye kazi.

"Wewe ulimwinua?"

"Ndiyo."

"Basi angalia vizuri." Akamwinua, akamsimamisha chini. "Sasa nimemwinua mimi. Mtu yeyote akiuliza, ni Bibi aliyemwinua. Umesikia?"

Mayai sita yalitulia juu ya maji. La saba, nililolitambua kwa doa lake jeusi, alilitia mwisho. Lilikaa. Lilikaa tena. Kisha likatikisika, likasogea pembeni kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na viduara vidogo vya maji vikaenda mpaka ukingo wa karai. Ndiyo mara ya kwanza niliyoona yai likicheza, na nilikuwa nalia.

Bibi alilifuta, akalizungushia kitambaa, akaliweka kifuani ndani ya nguo. "Fungeni mizigo," akamwambia Mama.

"Na bata, Mama?" mama yangu akamwuliza. "Si ulisema..."

"Nimekwisha mwinua."

Mama Furaha alipopita alitukuta barabarani tumesimama, jike ndani ya kikapu kichwani kwangu, Bibi mikono ameikunja kifuani. Tulitembea siku nzima kwa njia za mashambani. Kila tulipopumzika Bibi aliingiza mkono kulipapasa yai, akageuza upande.

Lilianguliwa siku ya tatu, jikoni kwa Mama Furaha, Ingbokolo. Bibi alilisikia kwanza, mlio mwembamba chini ya nguo. Mama Furaha alipiga makofi akacheka hata majirani wakaja. "Njooni muone! Koko amezaa! Na baba ya mutoto iko wapi, Koko?" Bibi naye akacheka, na mimi nikafikiri labda tumesamehewa.

Nyumba yetu ilichomwa. Tulipata habari kwa waliotufuata. Tulikaa ng'ambo miaka mingi, tukalima shamba la watu, na yule bata mdogo akakua akawa jike. Bibi alishikwa na kifua katika masika ya tatu, akafa, tukamzika kulekule, mbali na kaburi la mwanawe. Mama na mimi tulirudi Midia. Tulijenga mahali palepale, juu ya majivu, na nimelala humo usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Bibi hakulala hapo tena.

Nilipokuwa mtu mzima nilimweleza mchungaji wetu jambo hili. Aliniambia vita viliwang'oa watu maelfu ambao hawakuwahi kugusa bata, na kwamba Mungu hatawali dunia kwa mkia wa ndege. Nakubali. Naamini hivyo, na ndivyo ninavyowafundisha watoto wa Jumapili. Dhambi yangu sikuiungama kama kumwinua bata, niliiungama kama zile siku mbili za kunyamaza, maana hizo ndizo zilizomfikisha Bibi mbele ya bunduki.

Lakini Bibi aliamini. Sitakiwi kulisahau hilo. Aliamini kwa moyo wote kwamba mwenye kumwinua bata atapoteza nyumba, na alipojua kwamba ni mimi, alitia mikono yake mahali ilipokuwa mikono yangu, akataka nione.

Ninao bata bukini hapa nyumbani hadi leo. Msumari siweki kiotani. Jike akiatamia namngoja ashuke mwenyewe, hata mvua ikiwa inakuja, hata nikiwa na haraka. Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, si unasema hayo ni mambo ya zamani tu? Mbona humwinui?"

Nilimwambia kwamba aliyemwinua wa mwisho nyumbani kwetu ni bibi yangu, na nataka ibaki hivyo.