Shati la Kosmasi

Ipo asubuhi moja isiyonitoka moyoni, mwanangu, na wewe unayekwenda kusomea uganga ni haki yako kuisikia.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilitoka chuoni nikiwa wa kwanza darasani, nikapelekwa zahanati moja ya milimani, Mbinga. Mimi mtu wa Tanga, mbuni, mti wa kahawa, nilikuwa sijawahi hata kuugusa. Koti langu jeupe nililipiga pasi kila siku, na swali la mgonjwa nililijibu kabla hajalimaliza. Nilidhani huko ndiko kujua.

Asubuhi hiyo mkulima mmoja, Kosmasi, aliletwa kwa machela na mkewe na majirani. Alikuwa akitapika, jasho na mate vikimtiririka, shati limelowa chapachapa. Nikamgusa paji la uso, nikasema malaria, nikamchoma sindano ya klorokwini. Mkewe aliponiuliza kwa woga kama atapona, nikamwambia arudi kwa watoto, kesho mumewe atakuwa shambani. Akanishukuru, akaenda zake.

Mama Agnesi, mhudumu wetu, mtu mzima aliyeishia darasa la pili, aliinama akalinusa lile shati.

"Daktari, huyu alikuwa anapiga dawa mibuni," akasema. "Pampu imemvujia mgongoni. Tumvue, tumwogeshe, apelekwe hospitali ya misheni."

"Mama, kati yetu nani amesoma?"

Akashika ufagio wake. Afadhali ningeung'ata ulimi wangu siku ile. Sumu ya dawa za mashambani nilikuwa nimeisoma, mwanangu, hata kwenye mtihani niliijibu vizuri. Lakini kitabuni haikuwa na harufu.

Saa nane mchana Kosmasi alikata roho, shati likiwa bado mwilini. Haukupita muda mkewe akatokea mlangoni na uji wa mgonjwa. Akaniuliza, "Amelala?" Mama Agnesi ndiye aliyempokea uji, akamshika.

Jioni, kabla hajaenda kwake, Mama Agnesi alinikuta nimekaa peke yangu. Hakunigombeza. "Labda angekufa hata kama tungemvua," alisema. "Ila mkewe ungemwacha akae naye."

Nimezeeka, na maneno hayo bado yananiuma.

Basi nakuusia, mwanangu, jiamini kwa kadiri ya unachokijua, usizidishe hata kidogo. Mhudumu akikwambia ananusa kitu, na wewe inama unuse, cheti chako hakitapungua. Tena usimpe mtu hakika usiyokuwa nayo, maana ataitegemea na kuondoka.

Nenda salama. Mungu akujalie mikono ya kuponya, na siku itakaposhindwa, akujalie ulimi wa kusema: mama, sijui, kaa naye.