Sultani Kalonda Hakuitikiwa

Sikutoka Kasongo kwa kupenda kutembea. Magoti yangu hayataki tena barabara. Lakini Kalonda alinipigia simu, yule aliyekuwa sultani upande wa Kabambare hadi Serikali ilipomuondoa na kuweka mwingine.

"Yaya, dada yangu mukubwa, mutangazaji wa redio anakuja kwangu. Njoo uniimbe. Watu wasikie kama ningali niko."

Mama yangu Mwajuma aliimba majina ya masultani wale, nami nikarithi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina kumi na manne yote iko kichwani, na ya wake zao. Kwetu waliokufa wanatajwa kwanza, na watu wanaitika: "Alitufungulia njia!" Anayetawala anatajwa mwisho, na uwanja unapiga kelele: "Iko!" ndiyo kusema yupo, anatawala. Watu wa nyumba yake hawana ruhusa ya kuitika. Sultani anaitikiwa na jirani, si na muke wake.

Siku ya kwanza, asubuhi na mapema, Saidi mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alinifunga mugongoni kwake kwa kitenge kama gunia la muhogo.

"Koko, bibi yangu, usisinzie, utanipiga kichwa."

"Wewe endesha. Nikisinzia nitakuambia."

Matope tupu. Kila daraja la miti nilishuka, nikavuka kwa miguu, nikapanda tena. Mara ya tano sikuwa hata na nguvu ya kulalamika.

Lusangi tulifika jua limeshuka. Mama Feza, binti wa marehemu rafiki yangu Zuhura binti Kasimu, alinipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitandikia mukeka.

"Unaenda kumuimba Kalonda? Zamani tulimupelekea kuku kila mavuno. Sasa kuku wamejifunza njia ya kwa mwingine."

Alicheka peke yake.

Siku ya pili, saa tisa ya muchana, tukaingia kwa Kalonda. Majani yalikuwa yameota pale ambapo watu walikuwa wanakaa kungoja zamu. Mwenyewe alivaa kofia yake ya ngozi ya chui, akakaa kwenye kiti cha plastiki, maana kile cha mti watu wa Serikali walikichukua. Mutangazaji, Bwana Patrice, mutu mupole mwenye miwani, alininyooshea kinasa sauti.

"Mama, unaweza kufupisha? Nina dakika mbili tu."

"Chagua basi wa kutoa. Baba yake ao babu yake?"

Akawasha kinasa sauti. Majirani kama kumi walisimama kando ya ua, mutu na mashaka yake, maana sultani mupya ana masikio. Nikaimba. Kitete aliyelala njaa ili wageni wale. Mulamba aliyegawanya shamba bila fimbo. Kila jina waliitika vizuri. Nikafika mwisho:

"Kalonda, mvua isiyobagua paa!"

Kimya. Nikarudia. Wanaume wakatazama miguu yao. Mama Zaina, muke wake, alifungua mudomo, akaufunga kwa mukono. Mbuzi alikohoa.

Kalonda akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Yaya, niweke kwa wenzangu. Nyuma ya baba."

"Wewe uko muzima, Kalonda."

"Niweke. Nimechoka kungoja."

Sijawahi kufanya vile, wala mama yangu hakufanya. Nikamuimba nyuma ya baba yake.

"Alitufungulia njia!" Ua wote uliitika. Mwanamuke mumoja akalia. Kalonda aliinamisha kichwa, akabaki hivyo hadi Bwana Patrice alipofunga mufuko wake.

Siku ya tatu, wakati wa kurudi, Lusangi tena. Mama Feza alinikimbilia, kichwa kimefungwa kitambaa cha musiba.

"Pole, mama yangu! Mbona hukusema alikuwa mugonjwa?"

"Nani?"

"Kalonda! Tumesikia leo asubuhi kwa redio. Sauti yako yenyewe imemutaja nyuma ya baba yake, watu wakaitika."

Nikakaa chini palepale. Bwana Patrice alikata ule ukimya, akakata na maneno ya Kalonda, ili zitimie dakika zake mbili. Si mutu wa kwetu yule, hakujua. Lakini watu wa kwetu wote walisikia kifo.

Nikapiga simu. Mama Zaina alipokea, kelele nyingi nyuma yake.

"Yaya, uwanja umejaa! Wamekuja na kuku, na ndizi, wanaanza kulia toka barabarani. Wakimuona amekaa pale, wengine wanakimbia!"

Kalonda akachukua simu.

"Usimupigie mutangazaji leo."

"Kalonda, wamekuja kukuzika."

"Ninajua. Iko watu hapa sijawaona tangu niliondolewa. Ninawasalimia mumoja mumoja."

Siku ya nne nilifika nyumbani, magoti yamevimba kama maboga. Nilichojifunza ni hiki: wimbo wetu una nafasi ya mutawala na nafasi ya marehemu, na redio ina dakika zake. Aliyeanguka na bado anapumua, hatukumutengenezea mahali, si watu wa redio, si sisi.

Bwana Patrice nilimupigia, atangaze kama Kalonda ni muzima. Lakini kesho yake.